MREJESHO: Umbo la 3D kwa nyuzi za mwanga zinazozunguka

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza jinsi ya kuchora umbo la 3D (kichala cha zabibu) hewani kwa nyuzi za plastiki za kupitisha mwanga wa taa za LED, zikiwa kwenye sahani inayozungushwa na mota; ncha ya kila uzi ni nukta moja ya picha. Mkanishauri. Asanteni sana!

Kusogeza taa za LED karibu na ekseli (mhimili wa katikati unaozunguka) kumesaidia, sahani haitikisiki tena. Kusugua ncha za nyuzi kwa msasa laini ndiyo siri kubwa: nukta zinang'aa vizuri mno. Sumaku na sensa inayoitambua kila mzunguko, ili taa ziwake kwa wakati, vimetuliza picha. Sahani ikifika kama mizunguko 25 kwa sekunde, jicho linaona kichala kizima cha zabibu, hata ukizunguka kukitazama kwa nyuma. Vijana wa hapa Nkuhungu, Dodoma, hawakutaka kuondoka.

Kilichogoma: nyuzi ndefu za juu zinapinda kwa sababu ya kasi ya mzunguko, kikonyo kinakuwa na ukungu. Gundi haikusaidia, nimezifupisha. Mchana funga mapazia.