Kifaru cha Type 59 cha mizani ya 1/35: sehemu ya juu haikai juu ya sehemu ya chini, naomba ushauri kabla sijatia gundi

Mjenzi_Uluguru

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa wale waliowahi kuunda vifaru vya plastiki kutoka katika seti za zamani, kwa sababu nimefika mahali ambapo nikikosea sitaweza kurudi nyuma.

Nina seti ya kifaru cha Kichina cha Type 59, mizani ya 1/35, niliyoletewa na shemeji yangu alipokuwa akirudi likizo kutoka Ujerumani. Nilikiomba kifaru hiki kwa makusudi. Baba yangu alikuwa askari wa miguu katika vita vya Kagera, na kila anaposimulia mwaka 1979 huwa hakosi kuvitaja vifaru vya Kichina vya jeshi letu, jinsi ardhi ilivyokuwa ikitetemeka vikipita na jinsi vumbi jekundu lilivyovifunika hata ule ukijani usionekane. Siku hizi macho yake yamefifia sana. Nataka akishike, akipapase, akitambue. Kwa hiyo mianya na makovu ya gundi ambayo mwingine angeyaficha kwa rangi, yeye atayagundua kwa vidole.

Tatizo ni hili. Kifaru halisi kina upana wa mita 3.27, ambao kwa mizani hii ni kama sentimita 9.3, na sehemu ya juu yenye madigadi ina upana huo barabara. Lakini sehemu ya chini, ile inayobeba magurudumu, kuta zake zimepinda kuingia ndani, kama milimita moja na nusu kila upande pale katikati. Nikiibana nyuma, bamba la mbele lililoinama linaachia mwanya wa milimita mbili. Nikiibana mbele, sehemu ya injini inainuka nyuma. Pamoja na hayo, vipande viwili vya mnara wa mzinga havilingani, kimoja kimezidi kingine pande zote, na nusu mbili za mtutu zimepishana.

Ninazo gundi nyepesi ya kuyeyusha plastiki, puti ya tyubu, supaglu, msasa wa namba 400, 600 na 1000, na rangi za makopo ya kupuliza. Je, nikibane kwa mipira na vibanio vya nguo hadi kikae, nikitie gundi, kisha nijaze mianya kwa puti?

Fundi_Msasa

Ndugu Mjenzi, nakusihi usikibane kwa nguvu. Niliwahi kufanya hivyo kwa kifaru changu cha pili. Kilikaa, nikakipaka rangi, nikakiweka kabatini kwa furaha, na baada ya miezi miwili kiungo cha mbele kikaachia chenyewe usiku na kupasua rangi yote kuanzia taa hadi digadi. Plastiki iliyolazimishwa haisahau umbo lake. Gundi inaweza kuishikilia kwa muda, lakini mvutano unabaki humo ndani ukisubiri siku ya joto.

Kabla ya kufikiria puti, tafuta kinachozuia. Mafundi seremala wakitaka kujua mlango unagusa wapi hupaka chaki kwenye ukingo, wakaufunga na kuufungua, kisha wakaangalia chaki imehamia wapi. Fanya hivyo hivyo: sugua penseli laini kwenye midomo yote ya sehemu ya chini, weka ya juu bila kuisukuma, iondoe, uangalie alama. Katika seti za zamani mara nyingi utakuta kijitundu kilichojaa plastiki, pini iliyo nene kuliko shimo lake, au uvimbe mdogo wa duara ulioachwa na kalibu upande wa ndani, mahali ambapo mchoro wa maelekezo hauonyeshi kitu.

Kuta zilizopinda nazo zina dawa yake. Kata vijiti vitatu kutoka kwenye fremu iliyobeba vipande, vyenye urefu unaolingana na upana wa ndani unaoutaka, uvikaze kati ya ukuta na ukuta: kimoja mbele, kimoja katikati, kimoja nyuma. Vitie gundi uviache saa 24 kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Hakuna atakayeviona, na ndivyo vitakavyobeba kazi yote.

Bandari_35

Nakubaliana na Fundi kuhusu vijiti, ila naongeza jambo kuhusu ule mwanya wa mbele, iwapo utabaki hata baada ya kuta kunyooka. Usiujaze kwa puti. Puti ya tyubu hunywea inapokauka, na ukiiweka nene huwa ngumu juu na mbichi ndani, kisha inazama polepole na kuacha mfereji chini ya rangi. Mimi naitumia kwa mikwaruzo na mianya isiyozidi nusu milimita tu. Mwanya mkubwa kuliko huo unajazwa kwa plastiki yenyewe: kata ukanda wa shiti ya plastiki, uchonge uwe kama kabari, usukume ndani ya mwanya, pitisha brashi yenye gundi nyepesi, uache siku nzima, ndipo ukate kilichozidi kwa wembe na kupiga msasa wenye maji. Hapo unakuwa na plastiki juu ya plastiki, na msasa unapita sawasawa.

Tena, si kila mstari unaoonekana ni kosa la kufutwa. Kiwiliwili cha Type 59 kimeundwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa, kwa hiyo pale bamba la mbele linapokutana na bamba za ubavuni panatakiwa kuwa na mshono wa kuchomelea. Ukipasawazisha kama kioo, utakuwa umeondoa kitu cha kweli. Chukua kipande cha fremu, kipashe moto juu ya mshumaa hadi kilegee, kivute kiwe uzi mwembamba, ulaze uzi huo kwenye kiungo na kuupaka gundi ili ulainike, kisha ukandamize kwa ncha ya kisu, alama baada ya alama, kwa nafasi ndogo zinazolingana. Kwa mzee anayesoma kwa vidole, mshono huo utasema mengi kuliko rangi.

Kisiwa_Rangi

Samahani kwa kuwapinga wakubwa zangu, lakini mbona hakuna aliyetaja supaglu iliyochanganywa na poda ya mtoto? Inajaza mwanya wowote kwa dakika chache na hainywei.

Fundi_Msasa

Ni kweli, Kisiwa, nami huitumia, lakini kwa sharti moja: ipigwe msasa ndani ya saa ile ile. Ikilala usiku mmoja inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa utakula plastiki pembeni huku kilima kikibaki katikati. Kwa mjenzi anayefanya kazi usiku baada ya ajira, na ambaye huenda akaitwa mezani katikati ya kazi, kabari ya plastiki ni salama zaidi kwa sababu inamsubiri.

Dada_Vanishi

Kaka Mjenzi, pole kwa kazi na hongera kwa nia yako. Nitazungumzia mnara, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi huharibu kwa kusafisha kupita kiasi.

Type 59 ni nakala ya Kichina ya T-54A ya Kisovieti. Ukuta wa mnara wake ni chuma cha kumimina, chenye ngozi ya kukwaruza kama ya chungu ambacho hakijasuguliwa, lakini paa lake ni mabamba mawili yenye umbo la D yaliyochomelewa juu. Kwa hiyo mstari unaopita kwenye paa uuache, bali ukingo unaozunguka ubavuni, pale nusu ya juu ya plastiki inapokutana na ya chini, lazima uondoke kabisa. Anza na tupa, usianze na msasa, maana tupa inakata kilichoinuka peke yake ilhali msasa unafuata mabonde na milima yote. Ukishasawazisha utaona pametelezesha mno kuliko kwingine. Paka hapo Mr. Surfacer 500, ile praima nzito ya majimaji ya wajenzi wa vifaru vya plastiki, ngoja dakika mbili tatu ianze kushika, kisha ichomechome kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Fanya hivyo kwa mnara mzima, si kwenye kiungo peke yake, la sivyo patabaki kiraka.

Kile kikofia cha duara cha kupitishia hewa, kilicho juu ya paa mbele ya mlango wa mpakiaji, usikiondoe. T-55, mrithi wa T-54, haina kikofia hicho, na wapo watu wanaokikata wakidhani ni kosa la seti.

Mtutu nao una hila yake. Zikishapishana nusu mbili, usipige msasa kwa kwenda na kurudi juu ya mshono, utapata mtutu wenye uso bapa. Funga ukanda wa msasa namba 600 kuuzunguka, kama unavyomfuta mtoto mkono, na uuzungushe huku unasogea kidogo kidogo kuelekea mdomoni.

Mjenzi_Uluguru

Nashukuru sana, nyote. Zimepita siku tisa, na narudi na majibu.

Nilifanya kazi ya penseli usiku ule ule. Alama zilihama sehemu mbili tu: kwenye pini ya nyuma upande wa kulia, na kwenye uvimbe wa duara uliokuwa chini ya bamba la injini, mdogo kama punje ya mtama. Nimekuwa nikipambana na punje ya mtama kwa wiki mbili! Niliukwangua kwa ncha ya kisu, nikapunguza pini kwa tupa, kisha nikakaza vijiti vitatu na kuviacha kuanzia Jumamosi hadi Jumapili usiku. Nilipoweka sehemu ya juu ilikaa kwa uzito wake wenyewe. Ule mwanya wa milimita mbili mbele umebaki chini ya nusu milimita, na nimeweka mshono wa kuchomelea juu yake. Mshono wa kwanza ulikuwa mnene mno, nikaung'oa kabla gundi haijakauka. Wa pili umekaa vizuri.

Sasa naomba mnielekeze kuhusu rangi. Huku mvua zimeanza na hewa ni nzito.

Dada_Vanishi

Anza kwa kukiosha tena kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya vidole na vumbi la msasa vimeshaganda kwenye kona. Kisha praima ya kijivu. Ichukulie praima kuwa ukaguzi: rangi moja isiyong'aa juu ya kifaru kizima itakuonyesha kila mkwaruzo uliodhani umekwisha. Rekebisha, puliza tena hapo tu, ukague tena. Wengi huruka hatua hii kwa hamu ya kuona kijani.

Kuhusu mvua, hali ya hewa ina uzito kuliko rangi yenyewe. Ukipuliza rangi ya kopo au vanishi isiyong'aa wakati hewa imejaa unyevu, inaweza kuganda ikiwa na ukungu mweupe, na kuuondoa ni taabu. Subiri siku ambayo nguo zinakauka kambani kabla ya saa nane mchana. Liweke kopo kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto, kwa dakika chache, litikise vizuri, anza kupuliza pembeni ya kifaru, pita juu yake na umalizie pembeni upande wa pili, umbali wa kama sentimita 20, tabaka tatu nyepesi badala ya moja nzito. Kwa kuwa mzee atakishika, mnara wote na pande zote zipate vanishi mara mbili, na kila tabaka lisubiri siku nzima.

Maskati_Mjenzi

Nami nachangia kidogo kuhusu vumbi jekundu, maana huku Maskati vumbi tunalijua ingawa si la rangi ile. Usipake rangi nyekundu kwa brashi ukidhani ni vumbi. Chukua chaki laini za rangi za kuchorea, nyekundu ya matofali na kahawia, zisage kwenye msasa upate unga, uuweke pakavu kwa brashi laini juu ya madigadi na kwenye magurudumu. Liwe zito chini na liishe taratibu kuelekea mnara. Kisha gusa kwa tone la thina isiyo kali, likimbie lenyewe kwenye kona. Likikauka litaonekana limepauka kuliko lilivyokuwa likiwa bichi, kwa hiyo usiongeze kwa haraka.

Bandari_35

Na minyororo iwe ya mwisho. Type 59 ina magurudumu matano makubwa kila upande na haina vigurudumu vidogo vya kubebea mnyororo kwa juu, kwa hiyo sehemu ya juu ya mnyororo hulegea na kulala juu ya magurudumu. Seti nyingi za zamani huuacha umekaza kama mkanda wa mashine ya kusaga, na hapo uzito wote wa kifaru unapotea machoni. Ufunge kwa uzi mweusi chini ya madigadi hadi gundi ishike.

Mjenzi_Uluguru

Asanteni. Jana, kabla ya praima, nilimpelekea baba kifaru kikiwa plastiki tupu, bila minyororo, kwa sababu nilitaka kujua kama viungo vinahisika. Alikiweka mapajani. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono wa mbele, akauliza kama nimeuchomelea, nikamwambia ndiyo, kwa plastiki. Kisha akahesabu magurudumu ya upande wa kushoto, akasimama kwenye ile nafasi pana iliyo kati ya la kwanza na la pili, akaurudia mara mbili mwanya ule ambao seti iliupatia tangu mwanzo. "Hiki ndicho," akasema. Akaniuliza mbona hakina minyororo.

Nimemwahidi Jumamosi, mvua ikikatika.