Naomba ushauri: nitafsirije neno "incarnadine"?

Habari zenu ndugu. Natafsiri Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, kwa ajili ya kikundi chetu cha maigizo, na siku ya tatu leo nimekwama tendo la 2, onyesho la 2. Macbeth ameshamuua Mfalme Duncan, anaitazama mikono yake, anasema itazi-"incarnadine" bahari zote, kijani kigeuke chekundu. Asili ya neno ni nyama. Awali lilitaja rangi tu, Shakespeare akaligeuza kitenzi. Ni refu, zito, kisha anashusha maneno mafupi mafupi yanayolifafanua. Mshtuko huo ndio nisiotaka kuupoteza. "Kutia wekundu" naona ni dhaifu mno, kama mtu anayepaka ukuta rangi. Je, washairi wetu wa kale, hasa wa Lamu na Pemba, wana kitenzi kizito cha wekundu wa damu? Naomba mnisaidie.