Kuvumwani ya rangi ya fedha kwenye kabro: mbona haitoi vifuko vya spora?

Mwalimu_Embakasi
Hamjambo wadau. Katikati ya kabro (matofali ya kutandika chini) za uwanja wa shule kumeota kuvumwani (moss) fupi, haifiki sentimita moja, ya kijivu kinachong'aa. Nataka kufundishia mzunguko wa maisha, lakini masika yamepita bila kifuko hata kimoja cha spora, yaani chembe za uzazi. Ile niliyotia kwenye chupa yenye kifuniko nayo imerefuka, ikawa kijani kitupu. Ni spishi ileile? Na vifuko nitavipataje?

Lenzi_Ngong
Mwalimu, hiyo ina kila dalili ya Bryum argenteum, ambayo hukua katika kila bara, hata Antaktika. Thibitisha hivi: loweka vichipukizi vitatu kwenye maji ya mvua kwa dakika tano, bandua majani kwa sindano mbili, yatie kwenye tone la maji, kisha tazama kwa hadubini, ukuzaji wa 100 halafu 400. Jani lina unene wa seli moja tu, isipokuwa penye mshipa wa kati. Seli za sehemu ya juu hazina klorofili. Za chini ni kijani. Kwa kuwa majani yamelaliana kama vigae, jicho huona zile ncha tupu tu, nazo ndizo zinazoakisi jua.

Kwenye kivuli na unyevu usiokatika, sehemu hiyo tupu hupungua na chipukizi hurefuka. Basi ya chupani ni ileile.

Spora_Kikuyu
Niongezee kuhusu vifuko. Spishi hii ina mimea ya kiume na ya kike mbalimbali. Kiraka kizima huweza kuwa kimetokana na kipande kimoja kilicholetwa na kiatu, yaani jinsia moja tu, na hapo mvua inyeshe itakavyo, yai halirutubishwi. Inaongezeka kwa ncha zilizokatika na kwa vijichipukizi vilivyo kwenye makwapa ya majani. Waonyeshe wanafunzi hivyo; hubanduka kwa urahisi na kila kimoja huota mmea mpya.

Hata jinsia zote zikiwepo, umbali ni kikwazo, maana mbegu za kiume huogelea kwenye utando wa maji tu. Jaribio la Sweden lililochapishwa 2006 lilitumia spishi hii hii: viraka vya kiume na vya kike vilitenganishwa kwa sentimita 2 na 4. Pasipo vidudu hakukutokea kifuko; palipotiwa kolembola (vidudu vidogo virukavyo) na utitiri, vilitokea, kwa kuwa vidudu hivyo hubeba mbegu za kiume. Kwa hiyo msinyunyize dawa ya wadudu hapo.

Ila kwa somo la mzunguko wa maisha mimi ningeiacha Bryum, nitafute kuvumwani nyingine, Funaria hygrometrica. Angalia mahali palipochomwa makaa au takataka miezi kadhaa iliyopita. Mmea mmoja hubeba viungo vya kiume na vya kike kwenye matawi tofauti, ndiyo maana vifuko huwa tele. Kikonyo cha kifuko hujisokota kikikauka na kujifungua kikilowa: pulizia pumzi huku ukitazama kwa lenzi, kinazunguka mbele ya macho.

Kitalu_Ruiru
Mwalimu, ondoa kifuniko. Kuvumwani mbichi ndani ya chupa iliyofungwa, ikipigwa na jua, hupikika. Ikiwa kavu hustahimili joto zaidi sana. Tumia sinia pana lenye matundu chini, mchanga uliochanganywa na udongo uliochekechwa, kina cha sentimita 2. Sugua kuvumwani kavu kwa vidole ikatike vipande, tawanya, kandamiza kidogo. Nyunyiza asubuhi, weka penye jua la asubuhi, na iachwe ikauke polepole kabla ya kunyunyiza tena. Ikibaki chapachapa muda wote, mwani wa kijani utaifunika. Mbolea pia usitie, itaulisha mwani kwanza.

Maji yawe ya mvua. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana chumvichumvi, na kuvumwani hunywa kwa mwili mzima. Maji yakikauka chumvi hubaki juu ya majani na ncha hugeuka kahawia.

Mwalimu_Embakasi
Shukrani. Sasa fundi wa shule anataka kumwaga jiki, anasema kuvumwani inapasua kabro.

Spora_Kikuyu
Haina mizizi ya kupasua kitu. Ina raizoidi, vijinyuzi vya kujishikiza tu. Kabro hulegea maji yakichota mchanga wa chini. Jiki huchoma sehemu ya juu, vipande vilivyo ndani ya nyufa huchipua tena, na mabaki ya dawa huishia mtaroni. Mashine ya presha ndiyo mbaya kuliko zote: hutawanya vipande na kung'oa mchanga wa kwenye maungio. Penye njia ya kupita wanafunzi, akwangue ikiwa kavu, afagie, ajaze mchanga upya kabla ya mvua za Oktoba. Pembezoni mwa ukuta aiache, mtaihitaji darasani.