Kukata CD za zamani: kishungi cha korongo kinapasuka kila mara

Hadija_Bombo
Salaam wapendwa. Nipo Bombo, Uganda, natengeneza mapambo ya ukutani kwa CD za zamani. Mali ninayo ya kutosha: kaka yangu alikuwa na laibrari ya filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ (wale wanaosimulia filamu kwa lugha yetu), watu walipoanza kuangalia filamu kwenye simu akafunga, maboksi yakabaki kwangu. Samaki nawakata vizuri, magamba yanang'aa mpaka watoto wa jirani wanakuja kuyagusa.

Kinachonitesa ni korongo. Ndege huyu yumo katikati ya bendera yetu, siwezi kumtundika hana kishungi! Yale manyoya membamba ya kichwani, nikikaribia nchani nasikia "ta!", CD imepasuka, na kile kinachong'aa kimebanduka kama chokaa ya ukuta wenye unyevu. Natumia mkasi mkubwa wa cherehani. Jamani, vipande vyembamba vinakatwaje? Sitaki kupaka rangi ya dhahabu ya dukani, nataka CD yenyewe ing'ae.

FundiBati_Katwe
Dada Hadija, mkasi wa nguo uachie nguo. Tafuta mkasi wa mabati, mdogo, wenye meno makali. CD ni plastiki iitwayo polikaboneti, unene milimita 1.2, na ikiwa baridi hupasuka ukiibana. Chemsha maji kwenye sigiri, epua, tumbukiza CD moja kwa dakika chache, ishike kwa kitambaa ukate ingali moto. Ikianza kugoma, irudishe majini. Usiogope kuiharibu: plastiki hii hulegea kabisa karibu nyuzi 147, maji hayafiki huko.

Siri kubwa iko mkononi. Usifunge mkasi mpaka ncha zikutane, hapo ndipo unapopasua. Funga nusu, sogeza mbele, funga nusu tena. Kwenye kona zungusha CD, mkasi utulie.

Tafadhali usiilainishe juu ya makaa, moshi wake unaumiza kifua. Na vaa miwani, vipande vinaruka usoni.

MwalimuSanaa_Jinja
Naongezea hapo kwa fundi. Kinachobanduka ni utando wa alumini, na uko upande wa maandishi, umefunikwa na vanishi nyembamba tu. Kwa hiyo kabla ya maji ya moto, upake upande huo rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, ulale ukikauka. Kama kwenye maboksi kuna DVD, zijaribu: alumini yake imebanwa kati ya plastiki mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa, haibanduki ovyo. Ila zikipoa unakata, tabaka zinaachana pembeni.

Sasa kishungi chenyewe, mama. Usikate unyoya mmoja mmoja. Chukua robo ya CD, kata mistari kutoka ukingoni kuelekea tundu la katikati, na usimame ukifika kwenye ule mviringo usio na alumini. Manyoya yote yatabaki yameshikana kwenye shina, urefu wake kama milimita 35, na shina unalificha nyuma ya kichwa. Mwale wa rangi kwenye CD hutoka katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo ukikata hivyo utapita kwenye unyoya kwa urefu wake. Ukikata kwa kuzunguka, kila unyoya unapata kipande kidogo tu cha mwale.

Halafu zipekue zile za kurekodia. Nyingine upande wa chini ni kijani, nyingine buluu, na zipo za dhahabu kabisa. Hizo ndizo kishungi.

Hadija_Bombo
Webale nyo mwalimu, nawe fundi! Za dhahabu zipo, kaka aliziweka kando. Leo napaka rangi ya kucha. Swali la mwisho: kingo zinakata vidole, na wateja wangu wana watoto. Msasa gani?

FundiBati_Katwe
Msasa wa maji, namba 400. Ulowanishe kwanza vumbi lisiruke, halafu sugua ukingo tu. Ukigusa uso, mng'ao umekwenda.