Wakuu, nimehama sana mpaka imani imebaki njiani. Naombeni ushauri

Msafiri wa Nzuguni
Habari za jioni wana jukwaa. Mnivumilie, mimi si mwandishi.

Nina miaka 36, Mlutheri wa kuzaliwa, kwetu Machame. Nimebatizwa mchanga, nikapata kipaimara, nikaimba besi kwaya ya vijana miaka sita. Nyumbani Jumapili ilikuwa inajulikana: ibada, halafu mnada nje ya kanisa, mkungu wa ndizi unapandishwa bei mpaka unampita kuku, halafu mtori kwa bibi. Ukiniamsha usingizini ningekwambia wimbo unaofuata.

Baba akafariki 2019. Nikaenda Arusha, kazi ikafa kipindi cha korona. 2022 tukaja Dodoma, tukashuka stesheni ya SGR, treni ya kisasa, na mabegi matatu, hatumjui mtu. Mkataba wangu wa uhasibu kwa mkandarasi mmoja ukaisha mwaka jana. Mtoto kazaliwa Februari. Sasa hivi naandalia wenye maduka hesabu zao za kodi za TRA, siku nyingine napata, nyingine napiga miayo.

Kila nilipohama imani nayo ilibadilika sura. Nikiomba ni kama nampigia mtu aliyebadili laini. Waebrania 13:8 inasema Yesu Kristo ni yeye yule, jana na leo na hata milele. Sawa, yeye ni yule yule. Mimi je? Mtu anabakije imara?

Matusi hapana.

Kitimoto Baridi
Nachukua siti ya mbele. Wenye Biblia waje.

Mama Kemi
Pole mwanangu. Mimi nilifiwa na mume Bukoba, watoto wakanihamishia Mwanza. Kanisa la Mwanza lina spika kubwa kuliko hata mchungaji mwenyewe, miezi sita nilikuwa narudi na kichwa kinauma. Kilichonisaidia ni kengele ya simu, saa 11 alfajiri. Zaburi moja, nisiposikia kitu naendelea kuandaa uji. Sikutafuta kusikia. Halafu yule mkwe wangu alivyokuwa ananiangalia nikisali jikoni, hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Bin Seif
Mimi Muislamu, naruhusiwa? Kwetu ukihama mji unauliza kibla kiko wapi, basi, umefika. Nyie mkihama mnaanza kuchagua dhehebu kama mtu anachagua king'amuzi. Natania jamani, Mungu akufanyie wepesi kaka.

Dada wa Doha
Nina mwaka wa tano Qatar, kazi za ndani. Huku makanisa yote yamewekwa eneo moja nje ya mji, ukuta mmoja, kwa nje huoni msalaba. Wakatoliki, Waanglikana, Wahindi wa Kiorthodoksi, Wafilipino, wote humo humo, unakaguliwa getini kama unaingia ubalozini. Na Jumapili ni siku ya kazi, kwa hiyo wengi tunasali Ijumaa.

Mwaka wa kwanza nililia. Nilikuwa najiambia Ijumaa siyo siku ya Bwana, hii ibada haihesabiki. Halafu bosi akaninyima off Ijumaa saba mfululizo. Ya nane nilipofika nilikuta ukumbi umejaa, nikasimama mlangoni na kiatu kimoja kimekatika mkanda, sikuelewa hata lugha waliyokuwa wanaimba, na sikutaka kuondoka. Zaburi 137 inauliza, "Tuuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni?" Mimi nimeuimba kwa Kimalayalam, lugha ya hao Wahindi, sijui hata nilisema nini.

Kaka, wewe uko Dodoma, nchi yako, kanisa lenu limejaa kila kata. Umekwama wapi hasa?

Mzee wa Viti vya Nyuma
Dada wa Doha kauliza swali langu. Ni mzee wa kanisa kwa miaka 14, na mtu hawezi kuja kuuliza "uthabiti wa imani" saa nne usiku bila kuwepo jambo. Baba amefariki 2019, kazi imeisha mwaka jana. Kwa nini unaandika leo?

Msafiri wa Nzuguni
Hakuna jambo mzee wangu. Ni hali tu.

Sinde Boy
"Hali tu" ndiyo aliyosema mjomba wangu, kumbe ameshauza shamba la parachichi Rungwe akampa nabii. Sisi Wamoraviani tumeanza Rungwe 1891, lakini mjomba alisema kanisa la zamani halina moto. Shamba limekwenda, moto hatujauona.

Mzee wa Viti vya Nyuma
Msafiri, nakungoja.

Msafiri wa Nzuguni
Sawa. Nitasema.

Kazi ilipoisha, kule usharikani nilipokuwa nasali hakuna aliyeuliza, ila bahasha ya ahadi ilinifuata. Kuna huduma moja hapa mjini (jina naomba libaki kwangu) walikuja nyumbani watu wanne, wakaosha vyombo, mke wangu ametoka kujifungua kwa upasuaji. Wakaacha na unga kilo kumi. Tukaanza kusali kwao. Mwezi wa sita nikabatizwa upya, maji mengi, bwawani.

Mama hajui. Na mama amepanga mjukuu abatizwe Machame tarehe 26 Desemba. Ameshaongea na mchungaji. Nimeshatuma laki na themanini ya mbuzi. Wiki iliyopita alinitumia picha ya kigauni cheupe nilichobatiziwa mimi 1989, kilikuwa kwenye sanduku la bati. Nimekikuza kwenye simu: kifungo cha tatu si cha asili yake, ni cha shati la marehemu baba, lile la kijivu. Amekishona juzi juzi.

Huku kwenye huduma mtoto habatizwi, anawekwa wakfu. Nimeshakubali hilo pia, ni Jumapili ya kwanza ya Januari.

Kitimoto Baridi
Subiri. Mtoto ana bukingi mbili?

Mzee wa Viti vya Nyuma
Sasa tunaongea. Waefeso 4:5: "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja." Ungamo la Augsburg la 1530, ungamo letu la imani Walutheri, kifungu cha 9, linasema watoto wabatizwe na linawakataa wanaobatiza upya. Hilo ulifundishwa kipaimara. Usharikani kwetu aliyebatizwa mara ya pili hasimami mbele na mtoto kama hakuna kilichotokea. Anazungumza na mchungaji, anarudi kundini, ndipo mengine yanafuata.

Mwana wa Moto
Mzee na wewe usimtishe kijana kwa vifungu. Marko 16:16, "Aaminiye na kubatizwa ataokoka." Kuamini kumetangulia. Mtoto wa miezi kumi anaamini nini zaidi ya ziwa?

Mzee wa Viti vya Nyuma
Yule askari wa gereza Filipi, Matendo 16, alibatizwa na watu wake wote usiku ule ule. Uliwahesabu, ukakuta hakuna anayenyonya?

Mama Kemi
Msianze. Kijana, mimi nataka kujua mke anasemaje.

Msafiri wa Nzuguni
Mke anasema nimwambie mama kabla ya safari. Mimi naona tukienda, tukasimama, maji ni maji. Mama ana presha, miaka 71. Hicho kigauni kwake ni baba. Baada ya mwaka mmoja hivi nitamwambia taratibu. Na sijaona ubaya, maana Mungu anaangalia moyo. Kwa upande wa usharika, mchungaji wa kule hajui, kwa hiyo si kwamba nimevunja utaratibu wowote.

Dada wa Doha
Kaka, umesema mwenyewe hajui kwa sababu hujamwambia.

Sinde Boy
Ulikuja kuomba ushauri au kuomba mashahidi?

Chai ya Rangi
Samahani kuharibu ibada. Nimesoma uzi wote na hii ni chai, yaani uongo, tena ina tangawizi. Mleta mada anasema 2022 "tukashuka stesheni ya SGR". Wakuu, SGR imeanza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, Dodoma ikafika Julai. Mwaka 2022 hapo stesheni ungeshuka kwenye nini, toroli la mafundi? Halafu alikuwa Arusha. Arusha kuna SGR? Kifungo cha shati la marehemu nacho, hiyo ni tamthilia ya saa tatu.

Kitimoto Baridi
Nilikuwa nimeshalia kwa kile kifungo. Nirudishiwe machozi yangu.

Bin Seif
Hapo kwenye SGR hata mimi nilishtuka, lakini nikasema labda kwa imani.

Mwana wa Moto
Ni Mlutheri anatunga kutuchafua. Unga kilo kumi? Sisi tunatoa ishirini na tano.

Kitimoto Baridi
Huduma gani hiyo mkuu? Naulizia kwa rafiki.

Msafiri wa Nzuguni
Nimeunganisha safari mbili. 2022 nilikuja peke yangu, basi la Arusha kupitia Babati na Kondoa. Mke tulifunga ndoa 2023 akabaki na kazi yake Dar, akaja Agosti 2024 kwa SGR. Mimi nilimpokea stesheni. Mabegi matatu yalikuwa yake. Nikikumbuka kufika Dodoma nakumbuka siku ile, siyo ya basi. Mwenye kuona chai anywe.

Chai ya Rangi
Mangi umejitetea kama mtu wa mahesabu. Nusu naamini. Weka picha ya kigauni.

Msafiri wa Nzuguni
Siweki.

Mama Kemi
Usiweke. Iwe kweli iwe hadithi, yuko mtu sasa hivi anasoma hapa na mama yake hajui. Mwanangu, mtu mwenye presha anaumia zaidi akiambiwa na shangazi. Na mashangazi huwa wanajua.

Dada wa Doha
Mimi niliyebaki na mama wa kwenye simu nakwambia: piga leo. Usianze na bwawa. Anza na ule unga, na kwamba usharikani hawakuja. Wao ni kanisa lake, acha alisikie hilo kutoka kwako.

Mzee wa Viti vya Nyuma
Hapo kwenye kutokuja, nakubali, limenichoma. Kwetu tunayo orodha ya waliohama na wanaohamia. Sikumbuki mara ya mwisho imefunguliwa.

*(siku iliyofuata)*

Msafiri wa Nzuguni
Nimempigia leo saa mbili usiku. Nikamweleza kuhusu unga na wale watu wanne. Akasema, "Waliosha na vyombo?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza, nikasikia kuku wanahangaika bandani. Akasema nisiwasahau hao watu.

La ubatizo sikusema. Nilifungua mdomo, akaanza kuniombea, yeye akianza hakatizwi. Alipofika Baba Yetu akaingia Kimachame, kama bibi alivyokuwa anafanya. Nikaitikia mpaka mwisho. Sijawahi kuisema kwa Kimachame tangu kabla ya Arusha, nilidhani nimeisahau.

Mzee wa Viti vya Nyuma
Vizuri. Lakini hujamwambia.

Msafiri wa Nzuguni
Najua mzee wangu. Jumapili nitampigia tena, mke atakuwa pembeni.

Chai ya Rangi
Swali moja la mwisho. Tiketi ya basi ya Moshi ya tarehe 20 Desemba umeipata wapi? Mimi nimezunguka stendi nzima Nzuguni wananiambia siti zimeisha.

Msafiri wa Nzuguni
Njoo PM.