Ulinganisho: kununua dagaa wakavu Mwaloni au kuanika mwenyewe Igombe? Nianze na bajeti au na gharama ya pakiti moja?

MchuuziWaIgoma
Salamu kwenu nyote. Ninakaanga dagaa wenye pilipili, ninawafunga katika pakiti za gramu 200 na kuwauza kwa maduka ya hapa Mwanza kwa shilingi 2,500 kila pakiti. Tangu nianze nimekuwa nikinunua dagaa wakavu Mwaloni, Kirumba, kwa wastani wa shilingi 6,000 kwa kilo. Sasa amejitokeza mwenye eneo kule Igombe aliye tayari kunipa sehemu ya kujenga vichanja, na fundi ameniambia kwamba mbao, nyavu na ujira wake vitafika shilingi 1,800,000. Mkononi nina shilingi 2,400,000. Ndoo ya dagaa wabichi ni shilingi 20,000, na ikikauka inatoa kilo 5, kwa hiyo kilo itanigharimu shilingi 4,000 badala ya 6,000. Mume wangu anasisitiza kwamba niandike kwanza bajeti ya miezi sita, ndipo nijue pakiti inatakiwa igharimu kiasi gani. Mwenzangu wa kikobani anasema nikokotoe kwanza gharama ya pakiti moja, bajeti itafuata yenyewe. Mwenye eneo anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nisaidieni kulinganisha.

KaraniMstaafu
Dada, umetupa bei za dagaa, lakini biashara yenyewe hujatuonyesha. Unauza pakiti ngapi kwa mwezi? Mafuta, pilipili, mifuko, lebo na gesi vinakula kiasi gani katika pakiti moja? Maduka yanakulipa papo hapo au baada ya muda? Hiyo 2,400,000 ni akiba yako au kuna deni ndani yake? Na wewe mwenyewe unajilipa? Bila majibu hayo, mumeo na mwenzako wa kikobani watabishana mpaka vichanja vioze.

BintiUkerewe
Mimi ninasema vichanja, bila kusita. Nimekulia katika kazi hii, na dagaa waliokaushwa juu ya wavu hawafanani kabisa na waliomwagwa mchangani. Mteja akisikia mchanga chini ya jino mara moja tu, harudi tena, na hasara hiyo haimo katika daftari lolote. Kwetu, kilo moja ya dagaa wa kichanja ukiipepeta inakuachia karibu gramu 950.

MchuuziWaIgoma
Asanteni. Ninauza pakiti 1,500 kwa mwezi. Katika kila pakiti, mafuta, pilipili na chumvi ni shilingi 350, mfuko na lebo 180, gesi 120, na dagaa 1,200, yaani kilo ya 6,000 nimeigawa kwa pakiti tano. Kodi ya chumba ni 120,000 kwa mwezi, kijana wa kunisaidia ninamlipa 180,000, na bodaboda wa kusambaza mzigo anachukua kama 100,000. Kwa hesabu hiyo ninapata faida ya shilingi 575,000 kila mwezi, ingawa sijawahi kuiona ikiwa imekaa mahali pamoja. Mshahara wangu sijauweka, kwa kuwa biashara ni yangu.

KaraniMstaafu
Shika hapo hapo kwenye 1,200. Je, kilo unayonunua yote inaingia kwenye kikaango? Kesho kabla ya kukaanga, pima kilo 10 kama zilivyotoka gunioni, chambua na kupepeta kama kawaida yako, kisha pima tena.

MchuuziWaIgoma
Shikamoo mzee wangu. Nimefanya kama ulivyoniagiza. Nilitandika turubai, nikapepeta kilo 10 kwa ungo, nikaondoa vijiwe, makombe madogo na dagaa waliovunjika wakawa vumbi. Chini ya ungo palibaki rundo la mchanga mweusi ambalo siku zote kijana hulifagia na kulitupa nje, nami sikuwahi hata kuliangalia. Safari hii nililipima pamoja na takataka nyingine, vikafika kilo 1 na nusu. Dagaa waliobaki ni kilo 8 na nusu.

KaraniMstaafu
Marahaba mwanangu. Basi kilo yako safi haigharimu 6,000. Gawanya 6,000 kwa 0.85 upate 7,059, na dagaa wa pakiti moja ni shilingi 1,412. Ukijumlisha vitu vingine, pakiti inagharimu 2,062 kabla hujagusa kodi na mishahara, na kinachobaki ni 438 badala ya 650 ulizokuwa ukizihesabu. Kwa pakiti 1,500 hiyo ni 657,000. Ukitoa 400,000 za kodi, kijana na bodaboda, unabaki na 257,000. Zile 318,000 zinazokosekana kila mwezi ndizo zilizokuwa zikifagiliwa nje.

Ndiyo maana ninaunga mkono kuanza na gharama. Bajeti yako ya miezi sita ingesimama juu ya ile 1,200, na kosa la pakiti moja lingezidishwa mara 9,000. Hata hivyo, mumeo naye ana hoja, kwa sababu gharama ya pakiti moja haikamiliki mpaka ujue utauza pakiti ngapi, na idadi hiyo inatoka kwenye bajeti.

FundiNyakato
Sentensi hiyo ya mwisho ya mzee imenigharimu msimu mzima, kwa hiyo naomba nieleze kwa urefu kidogo.

Ninashona sare za shule. Kwa ajili ya msimu wa Januari mwaka juzi niliandika bajeti safi kabisa ya miezi minne. Kodi ya fremu ilikuwa 600,000, mafundi wawili 1,600,000, umeme na uchakavu wa cherehani 200,000, jumla 2,400,000. Nilikisia kuuza sare 600, nikagawanya, nikapata shilingi 4,000 kwa kila sare. Kitambaa, uzi na vifungo vilikuwa 11,500. Nikajiridhisha kwamba sare inanigharimu 15,500, nikaiuza 18,000, na kila ilipotoka dukani nilihesabu kwamba nimepata 2,500.

Zile 600 zilitoka kichwani mwangu tu. Sikuangalia hata daftari la mwaka uliotangulia. Nilinunua kitambaa cha sare 600 kwa mkupuo, kwa sababu bajeti ilisema hivyo. Katikati ya msimu shule moja iliniomba sare 100 kwa shilingi 15,000 kila moja, fedha taslimu. Nilikataa papo hapo, nikiwaambia kwamba bei hiyo iko chini ya gharama yangu. Msimu ulipokwisha nilikuwa nimeuza sare 340. Zile 2,400,000 hazikupungua hata senti moja kwa sababu ya uchache wa wateja, kwa hiyo kila sare ilibeba shilingi 7,059, si 4,000, na gharama yake halisi ikawa zaidi ya 18,500. Nilipata hasara ya shilingi 190,000 huku nikiamini ninapata faida, na kitambaa chenye thamani ya karibu milioni tatu kikabaki rafuni.

Kilichoniumiza zaidi ni ile shule. Kitambaa nilikuwa nacho, mafundi walikuwa wamekaa na walilipwa hivyo hivyo. Kila sare ya 15,000 ingeniachia 3,500 juu ya kitambaa na uzi, yaani 350,000 kwa sare 100, na hasara yangu ingegeuka kuwa faida ya 160,000. Niliikataa fedha hiyo kwa kutegemea tarakimu niliyoibuni mwenyewe.

WaBuhongwa
Pole sana ndugu, lakini sikubaliani na hitimisho lako, na ninaona ni hatari kwa dada huyu. Mimi ninasaga na kufunga unga wa lishe. Ukishamuuzia mmoja chini ya gharama kamili, wengine watasikia, na baada ya miezi miwili hiyo ndiyo bei yako. Fremu italipwa na nani ikiwa kila mteja analipia kitambaa na uzi tu? Msimamo wangu ni kwamba bei iwe juu ya gharama yote, daima.

FundiNyakato
Sijasema iwe desturi. Kwa wateja wa kila siku ninakubaliana nawe. Ninazungumzia oda moja, ya mteja asiye wa dukani, wakati mashine na mafundi wamekaa bila kazi. Kama ningekuwa na foleni ya wateja wa 18,000, kuikataa kungekuwa sahihi.

WaBuhongwa
Mwanza ni mji mdogo. Hakuna mteja asiyezungumza na mwingine.

KaraniMstaafu
Nyote wawili mna sababu zenu, ila dada yetu hana oda ya namna hiyo, kwa hiyo turudi kwake. Mwanangu, hujajibu kuhusu deni wala maduka.

MchuuziWaIgoma
Nilisita kidogo. Katika ile 2,400,000, nusu ni mkopo wa kikoba, ninaorejesha shilingi 220,000 kwa mwezi kwa miezi sita. Maduka mengi yananilipa baada ya wiki tatu. Sasa ninaona kwamba kwenye 257,000, nikishalipa kikoba, ninabakiwa na 37,000. Ndiyo maana nyumbani ninaomba fedha ya mboga ilhali ninauza mboga.

KaraniMstaafu
Asante kwa kusema. Hebu tupige hesabu ya Igombe. Nitachukua gramu 950 za BintiUkerewe, na nitakisia waanikaji wawili kwa 150,000 kila mmoja, pamoja na usafiri wa kuleta mzigo Igoma, 160,000. Unahitaji kilo safi 300 kwa mwezi, ambazo ni kama ndoo 63. Dagaa wenyewe ni 4,211 kwa kilo. Waanikaji na usafiri wanaongeza 1,533. Jumla ni 5,744 dhidi ya 7,059 za sasa, yaani unaokoa karibu 394,000 kwa mwezi. Kwa upande wa gharama, vichanja vinashinda, na si kwa kiasi kidogo.

Sasa fungua bajeti ya fedha taslimu, wiki kwa wiki. Ukijenga, unabaki na 600,000. Ndoo 63 zinataka 1,260,000. Utaishia ndoo ya 30, waanikaji hawajalipwa, marejesho ya kikoba yanakusubiri, na fedha iliyoko madukani itarudi baada ya wiki tatu. Njia ya bei nafuu inaweza kukuzamisha kabla haijakulipa.

TarakimuTu
Naomba dada asipige hesabu hizi kwenye daftari. Jedwali la kwenye simu linatosha: ukibadilisha idadi ya pakiti sehemu moja, kila kitu kinabadilika chenyewe. Daftari linakufanya uogope kurekebisha makisio kwa sababu utalazimika kuandika upya.

WaBuhongwa
Simu ikiibiwa, hesabu zimekwenda. Mimi nina madaftari ya miaka tisa, na kila Jumatatu ninaandika nilichokisia upande wa kushoto na kilichotokea upande wa kulia.

TarakimuTu
Hilo la kushoto na kulia ninalikubali kabisa. Mahali pa kuliandikia tu ndipo tunapotofautiana.

BintiUkerewe
Mzee Karani, shikamoo. Hesabu yako ni nzuri, ila imelichukulia ziwa kama duka linalofunguliwa kila siku. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa hawazifuati taa, kwa hiyo upatikanaji hushuka na bei ya ndoo hupanda. Ndoo 63 hazigawanyiki kwa siku 30, zinarundikana katika siku za giza, na fedha yake inatakiwa katika siku hizo hizo. Halafu masika yanaanza mwezi ujao. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa kichanjani, usipowahi kuwafunika wanaharibika. Kwetu mwanikaji halipwi kwa mwezi, analipwa kwa ndoo.

KaraniMstaafu
Marahaba. Hilo la kulipa kwa ndoo lina uzito mkubwa. Ikiwa masika yatapunguza kazi hadi nusu, yaani kilo 150, waanikaji wa mshahara watabeba shilingi 2,000 katika kila kilo badala ya 1,000, na kilo itapanda hadi 6,744. Unachookoa kinashuka kutoka 394,000 hadi 47,000 hivi kwa mwezi, ambazo hazilipi hata robo ya marejesho ya kikoba. Ni kisa kile kile cha sare 600. Mkikubaliana shilingi 5,000 kwa ndoo, ujira unapungua pamoja na kazi. Mwanangu, andika bajeti mbili, ya kiangazi na ya masika, kila moja na gharama yake ya kilo.

FundiNyakato
Je, ni lazima ajenge vyote? Akijenga theluthi moja kwa 600,000, atabakiwa na 1,800,000 za kuzungusha, na dagaa wengine aendelee kununua Mwaloni.

WaBuhongwa
Gharama ya usafiri na ya kusimamia sehemu mbili ataiweka wapi? Na ujira wake bado hamjauweka. Angeajiriwa kukaanga dagaa wa mtu mwingine, angelipwa.

MchuuziWaIgoma
Hilo la theluthi nimelizungumza na mume wangu, naye ameuliza kama mwenye eneo atakubali. Ujira wangu nitauandika, hata kama kwa sasa utabaki kwenye karatasi.

TarakimuTu
Swali moja: zile kilo 5 kwa ndoo, ulipima mwenyewe au uliambiwa?

MchuuziWaIgoma
Niliambiwa na mwenye eneo. Jumamosi nitakwenda na mizani, ninunue ndoo moja, niianike kwake na kurudi Jumapili kupima.

BintiUkerewe
Dada, Jumamosi hii mwezi ni mpevu, ndoo utakazozikuta ni chache na bei haitakuwa ile ya 20,000. Subiri kama siku kumi giza lirudi, au nenda mara zote mbili uandike bei zote mbili. Na uchukue turubai, wingu la jana halikuwa la kuamini.