Naomba ushauri: Darcy akisimulia mwenyewe

Habari zenu wakuu. Naandika upya Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813), safari hii msimulizi akiwa Darcy, yule tajiri mwenye maringo anayempenda Elizabeth, shujaa wa kike wa kitabu. Hakimiliki ilishaisha zamani, hilo halinisumbui.

Sehemu anazotoweka ndizo tamu: anavyomsaka London Wickham, afisa aliyetoroka na Lydia, mdogo wake Elizabeth, na kumlipia madeni ili amuoe huyo binti, mambo ambayo Elizabeth anakuja kuyajua kwa barua ya mke wa mjomba wake. Hapo kalamu inateleza yenyewe. Kasheshe ni pale anapomposa Elizabeth mara ya kwanza na kutolewa nje. Wasomaji wengi wameshayahifadhi maneno yale. Niyaache yalivyo, nijaze tu anachowaza? Au niyafupishe niwahi ile barua ya kujitetea anayomkabidhi kesho yake?

Halafu kiburi chake. Nikionyesha mapema kwamba kapenda, yule bwana wa maringo anakuwa mpole na hadithi inakosa chumvi. Nikimwacha na majivuno yake, "mimi, mimi" kitabu kizima inachosha (hata mimi mwandishi wake ananiudhi). Nihamie nafsi ya tatu?

Kama kuna aliyejaribu na Rochester, yule bwana mwenye nyumba katika Jane Eyre (riwaya ya Charlotte Brontë), ile siri ya mke aliyefungiwa ghorofani uliifichaje wakati msimulizi anaijua tangu mwanzo?